Jinsi ya kwenda Scanno, mji mdogo wa milimani Italia, na kuufaidi

Mi ni wa Malindi, na kwetu Mwitaliano si mgeni, mtoto wa darasa la kwanza anajua ciao na grazie, mama wa sokoni anataja bei ya embe kwa Kitaliano na hajawahi kukanyaga huko. Lakini tukiulizwa Italia ni wapi tutasema Roma, Milano, Venezia, basi. Leo nataka niwaelekeze pahali pengine kabisa, mji mdogo unaitwa Scanno, uko mkoa wa Abruzzo mashariki ya Roma, juu milimani kama mita 1,050 kutoka usawa wa bahari, watu wake hawafiki elfu mbili, nyumba za mawe zimebanana, vichochoro vyote ni ngazi, na pande zote ni msitu na milima na kwa chini kuna ziwa.

Nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza nilienda asubuhi nikarudi jioni, nikaona mawe, nikaona ngazi, nikapiga picha, nikaondoka sijaelewa kitu. Mara ya pili nikalala siku tatu na hapo ndo mji ukafunguka. Kwa hivyo ushauri wa kwanza na ndio mkubwa kuliko yote nitakayosema hapa ni huu, lala huko. Siku tatu kama waweza, mbili ikibana sana. Wageni wa siku moja wanafika kama saa nne asubuhi, saa kumi na moja wameshaondoka, na hapo ndipo wenyeji wanatoka nje, wazee wanakaa barazani vile vile wanavyokaa kwetu, mtu anapita anasalimia anasimama anapiga stori, unasikia maji ya bomba la mtaa yakitiririka na kengele ya kanisa na hakuna kingine. Kama umekulia Lamu au Mji wa Kale Mombasa utakuwa kama uko nyumbani, tofauti ni baridi tu.

Makaratasi kwanza

Hapa sitachukua muda. Paspoti ya Kenya, Tanzania au Uganda inahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, ya mtu mzima ni euro 90, waweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na usichelewe ikabaki chini ya siku 15. Bima ya safari lazima iwe ya kuanzia euro 30,000. Paspoti iwe bado hai miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya na iwe na kurasa mbili tupu. Kitu kimoja watu husahau, ile ratiba unayoandika kwa ombi lazima ikubaliane na mahali ulipobuki pa kulala, kwa hivyo kama utalala Roma siku nne na Scanno siku tatu, iandike hivyo hivyo, usiandike Roma wiki nzima alafu ukatoa risiti ya Scanno.

Ukifika utaombwa paspoti na mwenye nyumba. Usiogope wala usione umebaguliwa, ni sheria ya Italia, kila anayelaza mgeni lazima aandikishe jina lake polisi, hata Mwitaliano mwenzao anaombwa kitambulisho.

Kufika

Hii ndo sehemu inayowashinda wengi kwa hivyo soma polepole.

Kutoka Roma unapanda treni mpaka Sulmona. Ni ile njia ya Roma kwenda Pescara, inapanda milimani, karibu masaa matatu, na madirisha yake ni raha tupu baada ya Tivoli. Tiketi ukinunua ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine pale stesheni kabla ya kupanda, usipogonga ni kama hujalipa na faini utatozwa. Kuna wakati reli inafungwa kwa matengenezo na wanaweka mabasi badala ya treni, kwa hivyo angalia siku mbili tatu kabla ya kusafiri. Pia kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Tiburtina, stesheni nyingine ya Roma, mpaka Sulmona.

Sasa sikiliza. Kwenye njia hiyo hiyo ya treni kuna stesheni inaitwa Anversa-Villalago-Scanno. Usishuke hapo! Jina lina Scanno lakini mji wenyewe uko mbali sana na hapo, ni barabara ya milimani ya kupindapinda, na stesheni iko peke yake hakuna teksi inayokungoja. Kaa kwenye treni mpaka Sulmona.

Sulmona ukifika mapema usiikimbie. Ni mji aliozaliwa Ovidius, yule mshairi wa Kirumi, mwaka 43 KK, na ni mji wa peremende za lozi zilizovikwa sukari, wanaziita confetti, wanazifunga kama maua, maduka mazima ni hizo tu. Nunua paketi moja, ukifika Scanno ukimpa mwenye nyumba wako utaona uso wake unavyobadilika. Stesheni iko nje kidogo ya mji, kama kilomita mbili, kwa hivyo uliza basi la Scanno linapita stesheni au ukalipandie mjini, maana inategemea saa.

Basi la Scanno ni la kampuni ya mkoa inaitwa TUA. Mwendo ni kama saa nzima. Tiketi ununue kabla, kwenye duka la sigara lenye herufi T kubwa au kwenye baa iliyo karibu na kituo. Na lazima ujue kusoma ratiba maana mi ndo ilinikosesha basi mara ya kwanza nikakaa Sulmona masaa mawili. Ukiona neno feriale maana yake Jumatatu mpaka Jumamosi. Festivo ni Jumapili na sikukuu. Scolastico ni siku za shule peke yake, yaani shule zikifungwa basi hilo halipo, ungoje ungojavyo halitakuja. Jumapili mabasi ni machache mno. Kwa hivyo panga ufike siku ya kazi na uondoke siku ya kazi, na usiweke ndege yako siku ile ile unayotoka Scanno, lala Roma kwanza.

Na saa zao ni za kuhesabu mpaka 24, 14.30 ni saa nane u nusu mchana. Andika kwa saa yetu kwenye karatasi kabisa ili usichanganye.

Kwenye basi kaa mbele. Baada ya kijiji cha Anversa barabara inaingia kwenye korongo linaitwa Gole del Sagittario, mwamba huku mwamba huku, barabara imechongwa ubavuni na basi linapiga honi kila kona, mto uko chini kabisa. Network ya simu inakatika humo ndani kwa hivyo pakua ramani mapema. Alafu ghafla inatokea maji ya kijani ya ziwa la San Domenico, hilo ni bwawa la umeme, alafu kijiji cha Villalago, alafu ziwa la Scanno lenyewe, ndipo unapanda mjini.

Mwenye gari, sawa, lakini unahitaji leseni ya kimataifa, na kuanzia tarehe 15 Novemba mpaka 15 Aprili barabara za huko zinataka matairi ya theluji au minyororo ya matairi kwenye buti ya gari. Gari liache chini ya mji. Usijaribu kuingia nalo vichochoroni.

Salamu ndo ufunguo

Hapa nitakaa kidogo maana nadhani sisi Waswahili tuna bahati kuliko wageni wengine wote, mambo yao ya adabu tunayajua tayari ila kwa lugha nyingine.

Ukiingia dukani, kwenye baa, kwenye ofisi yoyote, kitu cha kwanza ni buongiorno. Kabla ya kuuliza bei, kabla ya kuangalia kitu. Jioni ni buonasera. Kwenye kichochoro ukikutana na mzee, msalimie wewe kwanza, wewe ndo mgeni na wewe ndo mdogo, ni kama shikamoo, ukipita kimya unaonekana umekosa malezi. Mama mtu mzima ni signora, usimwite ciao, ciao ni ya rika lako na watoto, najua Malindi tunaitupa kwa kila mtu lakini huko kwa mzee inakwaruza.

Na hii ilinifurahisha mpaka leo. Ukialikwa nyumbani kwa mtu, pale mlangoni hata kama mlango uko wazi unasema permesso, na yeye ndani anajibu avanti. Ni hodi na karibu! Ndo hiyo hiyo. Mi nilisimama mlangoni kwa mama mmoja jirani wa nilipolala, aliniita ninywe kahawa, nikasema permesso bila kuingiza mguu mpaka akaitikia, akamgeukia mumewe akamwambia huyu kalelewa. Kuanzia hapo kila asubuhi nilikuwa naitwa.

Picha sasa. Scanno inajulikana kwa wapiga picha, Henri Cartier-Bresson alifika 1951, alafu Mario Giacomelli akaja 1957 na akarudi 1959, ile picha yake ya mtoto anatembea katikati ya wanawake waliovaa nguo nyeusi iko kwenye jumba la sanaa la Museum of Modern Art, New York. Walivutiwa na mavazi ya wanawake wa huko, gauni nzito za sufu zenye rangi za giza na kilemba chake. Siku hizi utayaona zaidi siku ya sherehe, na kubwa ni tarehe 14 Agosti, wanaigiza maandamano ya harusi ya zamani, wawili wawili, wanaiita Catenaccio. Kwa hivyo watu wa huko wamepigwa picha tangu babu zao na wamechoka, usimnyooshee mzee simu usoni. Msalimie, muulize, posso? yaani naweza? Akikataa mshukuru. Sisi tuliokulia pwani tunajua vile inavyouma mtalii akikupiga picha umekaa barazani kwenu kama wewe ni mnazi.

Kutembea

Beba viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Ngazi za mawe zikilowa zinateleza kweli kweli.

Siku ya kwanza zunguka mjini tu, tafuta chemchemi inayoitwa Fontana Sarracco, jaza chupa yako, maji ya mabomba ya mtaa ni ya kunywa, ukiona kibao cha non potabile ndo usinywe. Angalia madirisha ya masonara, wana ufundi wa kusuka nyuzi za dhahabu na fedha mpaka inakuwa kama lesi, na hiyo lesi yenyewe pia kuna kina mama wanaisuka juu ya mto wa duara kwa vijiti vidogo. Kununua si lazima. Ukisimama na kutazama kwa heshima wanakuonyesha.

Siku ya pili nenda ziwani kwa miguu, ni kilomita chache kushuka. Ziwa hili lilizaliwa na maporomoko, zamani sana kipande cha mlima Genzana kiliporomoka kikaziba mto Tasso, maji yakajaa nyuma yake. Sasa kuna njia ya miguu inaitwa Sentiero del Cuore, maana yake njia ya moyo, inapanda kupitia kikanisa kidogo cha Sant'Egidio mpaka pahali ambapo ukiangalia chini ziwa lina umbo la moyo kabisa. Si mbali, mtu mwenye nguvu za kawaida anaenda na kurudi bila shida, ila panda asubuhi jua halijawa kali, na usikate njia, fuata alama. Ukiwa pale juu ziwa liko kimya, unasikia kengele za kondoo ng'ambo, nilikaa hapo mpaka nikasahau njaa.

Kama miguu bado inaweza, kuna Frattura, kijiji kilichoanguka kwa tetemeko la tarehe 13 Januari 1915, lile lililoangamiza mji wa Avezzano na kuua watu zaidi ya 30,000. Waliobaki walijengewa kijiji kipya pembeni na kile cha zamani magofu yake bado yapo. Nenda kwa utulivu, ni mahali walikufa watu.

Msitu wa upande huu unaungana na hifadhi ya taifa ya Abruzzo, Lazio na Molise, iliyoanzishwa miaka ya 1922 na 1923, na humo kuna dubu wa aina yake asiyepatikana pahali pengine duniani, wamebaki kama 50 au 60 tu. Kumwona ni bahati ya mbali na usimtafute, ukibahatika kaa mbali, nyamaza, rudi nyuma pole pole. Usiache chakula njiani hata ganda la tunda, dubu akizoea chakula cha binadamu anaanza kuingia vijijini na mwisho wake si mzuri.

Lakini wa kuwa naye makini zaidi si dubu wala mbwa mwitu, ni mbwa wa wachungaji. Ni wakubwa, weupe, manyoya mengi, wengine wamevalishwa kola ya chuma yenye miiba ili mbwa mwitu asiwaume shingo. Kazi yao ni kulinda kondoo na hawajui kama wewe ni mtalii. Ukiona kundi la kondoo usipite katikati, usiwasogelee upige picha, zunguka mbali hata kama itakuongezea nusu saa. Mbwa akija anabweka simama, usikimbie, usiokote jiwe, ongea kwa sauti ya chini na urudi ulikotoka, akiona unaondoka kwa kondoo wake anakuacha. Mchungaji akiwa karibu msalimie kwa sauti, akiitikia mbwa wanatulia.

Mtu wa jamii za wafugaji atawaelewa watu hawa haraka sana. Karne na karne walikuwa wanashusha kondoo vuli mpaka tambarare za Puglia, kusini mwa Italia, na kuwarudisha milimani majira ya joto, wanafuata njia pana za nyasi zinaitwa tratturi, na mwaka 2019 UNESCO iliuweka uhamaji huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wanaume walikuwa wanakosekana nyumbani miezi, wanawake ndo wanabaki wanaendesha mji. Ukijua hilo ndo unaelewa kwa nini picha zote za zamani ni wanawake.

Kula

Saa za kula hazina mjadala. Mchana ni kati ya saa saba kasorobo na saa nane, usiku kuanzia saa moja u nusu au saa mbili. Kati ya saa saba na saa kumi maduka yanafungwa, mji unalala, na ukija saa tisa na njaa yako utakula biskuti. Nunua mkate, chizi na matunda asubuhi uweke kwenye mkoba, hiyo itakuokoa.

Cha kuagiza ni arrosticini. Hii ni mishkaki, sina neno lingine, vipande vidogo vya nyama ya kondoo kwenye vijiti, vinachomwa kwenye jiko refu jembamba la makaa, chumvi tu. Vinaagizwa kumi kumi, unakula kwa mkono na mkate uliomwagiwa mafuta ya zeituni. Tofauti na yetu hakuna viungo, hakuna ukwaju, mwanzo nilitamani pilipili alafu nikaelewa, kondoo mwenyewe amekula majani ya mlimani na ladha iko hapo. Kuna chizi ya kondoo, pecorino, mbichi na iliyokaa. Na keki yao inaitwa pan dell'orso, mkate wa dubu, ina lozi na asali na imevikwa chokoleti, ilikuwa chakula cha wachungaji cha kubeba safarini, inakaa siku nyingi haiharibiki, hiyo ndo zawadi ya kurudi nayo nyumbani.

Kwa ndugu Waislamu, niseme wazi. Nyama ya kondoo ni ya kondoo kweli lakini usitegemee imechinjwa halali, na mikate na keki nyingine huwa na mafuta ya nguruwe, yanaitwa strutto, kwa hivyo uliza, c'è strutto? Sema senza maiale, bila nguruwe, na senza vino, bila mvinyo, kwa mchuzi. Wanakuelewa na hawanuni. Tambi za mboga, dengu, mayai, chizi, uyoga wa msituni, hutalala njaa.

Kwenye bili utaona coperto, kama euro mbili hivi kwa kichwa, ni ya mkate na meza, si wizi. Na tembea na pesa taslimu kidogo, kadi zinakubaliwa lakini kwenye milima mashine hugoma.

Lini uende

Mwisho wa Mei mpaka Juni, au Septemba. Agosti, hasa karibu na tarehe 15, Waitaliano wote wako likizo na bei inapanda, nenda tu kama wataka ile sherehe ya tarehe 14 na ubuki mapema sana. Kuna na tarehe 10 Novemba usiku, mitaa inashindana kuwasha moto mkubwa wa kuni mlimani kwa ajili ya mtakatifu wao San Martino, baridi ni kali lakini inafaa. Na ukiwa karibu tarehe 1 Mei, kijiji cha jirani Cocullo wanambeba mtakatifu Domenico barabarani sanamu ikiwa imezungushiwa nyoka hai, wasio na sumu, kama waogopa nyoka usiende. Hata Julai beba sweta, usiku mlimani ni wa baridi, mtu wa pwani ataumia.

Jioni kabla ya kuondoka nenda baa ukanunue tiketi yako ya basi, maana la asubuhi huondoka kabla maduka hayajafunguliwa. Ukishaishika mkononi uliza tena saa na uliza linasimama wapi, muulize mwenye baa na muulize na mzee aliyekaa nje, yule mzee ndo anajua zaidi, alafu kaa naye kidogo.